Nguzo za Jimbo, Sakafu ya Shirikisho

Hotuba ya Datuk Haji Megat Shahrun, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Uratibu kati ya Serikali ya Shirikisho na Serikali ya Jimbo, katika uzinduzi wa Daraja la Mto Serapit, Kampung Batu Lesung, Malaysia, Jumamosi, kuanzia saa nne na nusu asubuhi.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Waziri wa Shirikisho, ambaye amenipigia simu kwamba yuko njiani, bila kutaja njia ipi, Mheshimiwa Mwakilishi wa Serikali ya Jimbo, ambaye kiti chake mnakiona hapa kimefunikwa kitambaa cheupe kwa heshima, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Kaimu Mkuu wa Wilaya, ambaye yupo kwa sababu Mkuu wa Wilaya niliyemtaja hayupo, Tok Penghulu, mkuu wa vijiji vyetu vinne, Kadhi Marzuki, ambaye naona anatazama saa yake, nzuri sana, hongera, Injinia Kavitha, ambaye ameutumikia mradi huu kwa miaka minane bila kuchoka na bila kuanza, wazee wangu, kina mama mlio jikoni nyuma ya hema, ambao harufu ya wali wenu wa samli nimeitambua rasmi, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, ambao hatuwaoni kwa sababu ya pazia hili lililouficha mto, lakini dufu zao tunazisikia: assalamu alaykum na habari za asubuhi. Kama kuna mheshimiwa sikumtaja, ajue ametajwa moyoni, na jina lake litaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao baada ya kuthibitishwa na serikali zote mbili.

(Makofi ya safu ya mbele. Safu za nyuma zina kazi: wanawake wanafunga mayai ya kuwagawia wageni wa harusi kwenye maua ya karatasi.)

Wananchi wapendwa, mila yetu haimruhusu kiongozi kuingia kwenye jambo bila shairi, na mimi si mtu wa kuvunja mila, hasa pale ambapo sina kitu kingine cha kuvunja. Kwa hiyo natamka:

Shokishoki liko juu,
Doriani i kapuni;
Daraja letu ni kuu,
Mlitazame moyoni.

(Makofi. Sauti ya mwanamke mwenye upawa mkononi: "Moyoni tena? Datuk, mimi nalitaka mtoni!")

Asante, Mak Som. Kwa faida ya wageni, huyo ni Makcik Kalsom, mama wa bibi harusi Suhaila, anayeolewa leo hii hii, na bwana harusi, kijana wetu Rashdan, yuko ng'ambo pamoja na jamaa zake na dufu zao, wakingoja kuvuka juu ya daraja nitakalolizindua punde tu nikimaliza utangulizi.

(Mak Som: "Kadhi anaondoka saa nane, Datuk! Ana ndoa nyingine Lubuk Merbau! Fupisha, babangu!")

Ratiba ya Kadhi imezingatiwa. Utangulizi wangu una kurasa thelathini na moja tu.

(Mguno. Kadhi Marzuki anaifuta saa yake kwa ncha ya kanzu.)

Mtu anaweza kuuliza, na watu hawana adabu siku hizi, wanauliza kweli: kwa nini bwana harusi asivuke kwa mtumbwi wa Pak Leman kama binadamu wengine, akaoa, akala, mambo yakaisha? Hili ni suala la kisera. Mama yake, Mak Ngah Jenab, alivuka miaka miwili iliyopita kuja kuposa, mtumbwi ukapinduka, sinia saba za zawadi zikaenda na maji, keki ikaonekana mara ya mwisho ikielekea baharini, na Mak Ngah mwenyewe akaopolewa kwa kuvutwa mtandio. Siku hiyo aliapa mbele ya mashahidi kwamba atauvuka Mto Serapit kwa miguu mikavu ama mwanawe abaki kapera. Na Rashdan, mtoto wa adabu, haoi bila mama yake kuwepo. Njia ya kuzunguka kupitia mjini ni saa tatu kwa gari, na sasa hivi imefungwa kwa sababu kilima kimeporomokea lami, na kilima ni cha jimbo ilhali lami ni ya shirikisho, lakini hiyo ni kamati nyingine na mwenyekiti wake anajitahidi.

(Pak Leman, mwenye mtumbwi, kutoka nyuma: "Haukupinduka, Datuk! Alisimama mwenyewe kupiga picha!")

Hilo liandikwe. Basi harusi ikaahirishwa mara ya kwanza kungoja daraja, ikaahirishwa mara ya pili kungoja daraja lile lile, mpaka familia zote mbili zilipopokea barua yangu ya mwaliko, yenye mihuri miwili, wa shirikisho kulia na wa jimbo kushoto, wakapanga ndoa siku ya uzinduzi ili Mak Ngah Jenab awe mtu wa kwanza kukanyaga. Hii, wananchi, ndiyo wataalamu wanaiita imani ya mdau kwa taasisi.

("Mdau gani! Nimechinja ng'ombe mzima kwa barua yako hiyo!")

Na ng'ombe huyo, Mak Som, ameingizwa kwenye ripoti kama mchango wa jamii, asilimia tatu.

(Kicheko kirefu. Mak Som anajaribu kununa, anashindwa, anarudi kwenye sufuria.)

Sasa niingie kwenye kiini. Ndugu zangu, hamwezi kulifurahia daraja hili kabla hamjaelewa mfumo mtukufu uliolizaa. Katiba yetu iliandikwa na watu wenye akili waliopenda orodha. Wakasema: tukimpa mmoja kila kitu, atakula kila kitu, tukiwapa wote kila kitu, watapigana jikoni, basi tuandike orodha. Orodha ya kwanza ni ya Shirikisho, yaani ile serikali kubwa ya taifa zima: jeshi, polisi, fedha, shule, hospitali, ndege angani, na barabara kuu kama hii iliyofika hapa ukingoni ikasimama kama mbuzi aliyeona maji. Orodha ya pili ni ya Jimbo: ardhi, misitu, mito, mabaraza ya miji, na mambo ya dini ya Kiislamu pamoja na ndoa zake. Na orodha ya tatu ni ya Pamoja, ambamo serikali zote mbili zina haki ya kutenda, na kwa hiyo kila moja ina adabu ya kumwachia mwenzake atangulie.

(Makofi ya watu wawili.)

Nitoe mfano hai. Mtazameni Pak Leman alivyosimama pale. Nyayo zake ziko juu ya ardhi: hizo ni za jimbo. Kitambulisho kilicho mfukoni mwake: shirikisho. Samaki aliye kapuni mwake ni wa mtoni, kwa hiyo ni wa jimbo. Angekuwa wa baharini angekuwa wa shirikisho. Na mbu anayemuuma shingoni sasa hivi, kwa kuwa anahusu afya ya umma, ni wa Orodha ya Pamoja.

("Basi mmoja wenu amuue!")

Kikao kimepangwa.

(Kicheko. Pak Leman anamuua mbu mwenyewe, anaondoka, anapita nyuma ya pazia. Wanaume watatu wanamfuata.)

Naona baadhi yenu mmeanza kwenda kuchungulia nyuma ya pazia. Nawaelewa, hamu ni kitu kizuri. Endeleeni, lakini msiguse chochote.

(Mmoja wao: "Tuguse nini, Datuk? Kule nyuma kuna maji tu!")

Nitafika hapo, nitafika. Tusiruke hatua. Mto huu una upana wa mita ishirini na mbili. Tumeupima mara kumi na nne, mara saba kwa kamba ya shirikisho na mara saba kwa kamba ya jimbo, na najivunia kuwatangazia kwamba tofauti iliyojitokeza ilikuwa ndogo na imeundiwa tume. Barabara ya upande huu ni ya shirikisho, ya upande ule ni ya shirikisho, hivyo kimantiki sakafu ya daraja, ile ambayo magari na wakwe watapita, ni ya shirikisho. Lakini nguzo za daraja zinasimama ndani ya mto, juu ya udongo ulio chini ya mto, na mto ni wa jimbo, na udongo ni wa jimbo mara mbili. Kwa hiyo: nguzo za jimbo, sakafu ya shirikisho. Jambo rahisi kabisa, ndiyo maana limechukua miaka minane.

Mwaka wa kwanza, Shirikisho liliandika: sakafu iko tayari, leteni nguzo tuiweke. Jimbo likajibu kwa heshima kubwa: nguzo ziko tayari, leteni sakafu tujue urefu wake. Mwaka wa pili barua hizo zilibadilishana mahali. Mwaka wa tatu, Injinia Kavitha, kwa umakini wake, akagundua kwamba kati ya maji na sakafu patakuwa na hewa. Je, hewa hiyo ni ya nani?

(Injinia Kavitha, kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kiko karibu: "Sikugundua mimi, Datuk. Mliniuliza ninyi.")

Unyenyekevu huo! Tulikaa siku nne hotelini, tukala vizuri, tukaisoma Katiba kwa makini, na Katiba inasema jambo lisiloandikwa kwenye orodha yoyote ni la Jimbo. Jimbo likasema linashukuru sana, lakini halijawahi kuomba hewa. Shirikisho likasema hewa inayopita ndege ni yake, hewa inayopita kereng'ende si yake. Ndipo, ili kuondoa mkwamo, ikaundwa kamati ninayoiongoza mimi, nikiwa na gari la shirikisho asubuhi na gari la jimbo jioni, ila saa za mchana, kama mnavyojua, natembea kwa miguu.

(Makofi ya kweli, ya kumhurumia. Wakati huo huo viti sita vya safu ya tano vinapita juu ya vichwa vya watu kuelekea nyuma ya pazia.)

Mafanikio ya kamati yangu hayahitaji maneno, yahitaji takwimu. Barua zilizopokelewa, mia nne na kumi na mbili. Barua zilizojibiwa kwa barua, asilimia mia moja. Vikao, sitini na tatu. Watu waliovuka mto kwa mtumbwi wakati wa vikao, elfu tisini, jambo linaloonyesha kwamba uvukaji endelevu unawezekana. Na mradi kwa ujumla, wananchi, na hapa naomba mshike viti vyenu, wale mlio bado na viti, mradi umekamilika kwa asilimia tisini na nne!

(Kutoka ng'ambo, kwa kipaza sauti cha mkono, sauti ya mwanamke: "Halo! Halo! Ninyi wa upande huo! Huku tunaona mgongo wa pazia! Daraja liko wapi? Nina viatu vipya!")

Mak Ngah Jenab, assalamu alaykum! Daraja liko katika hatua ya juu ya kuzinduliwa!

("Hatua ya juu ndiyo ipi? Viatu vyangu vina visigino vya vidole viwili, sipandi juu!")

(Kicheko pande zote mbili za mto. Mak Som amesimama tena, upawa kiunoni: "Datuk, hebu nikuulize kitu kimoja tu. Mmegawana madaraka, sawa. Mbona sisi tumegawiwa barua?")

Swali zito, Mak Som, na linaonyesha elimu ya uraia imekufikia. Nalijibu hivi: mgawanyo wa madaraka ni kama ndoa. Mume ana yake, mke ana yake, na kuna yao wote.

("Ndoa yangu ina miaka thelathini na moja. Paa likivuja hatuulizani mvua ni ya nani, anayeamka kwanza anatega ndoo!")

(Vifijo. Tok Penghulu anapiga meza.)

Mfano mzuri, nitauomba kwa maandishi. Ila tazama, Mak Som, uzuri wa mfumo katika harusi yako mwenyewe. Ndoa ya Suhaila ni ya jimbo, kwa kuwa ni jambo la dini. Mto anaouvuka bwana harusi ni wa jimbo. Leseni ya pikipiki aliyokuja nayo ni ya shirikisho. Ng'ombe, nisingependa kukisia. Hakuna nchi ndogo ingeweza kumhudumia bwana harusi mmoja kwa serikali mbili!

("Na zote mbili hazimvushi!")

(Nyuma ya pazia, sauti ya nyundo. Kisha sauti ya Pak Leman: "Taratibu! Taratibu! Upande wa jimbo unainuka!")

Nasikia maandalizi yanaendelea, asanteni vijana wa itifaki.

Nije sasa kwenye mabango. Mlipoingia hapa mliona mabango mawili ya chuma yamesimama bega kwa bega, yakitangaza daraja. Hayo ni ushindi wa ushirikiano. Shirikisho lilijenga la kwanza, urefu wa mita kumi na moja, lenye picha ya waheshimiwa watano wakionyesha kidole mbele. Jimbo, lilipopata taarifa, likajenga lake, mita kumi na moja na sentimita kumi, lenye waheshimiwa sita. Ndugu wageni, hebu geukeni nyuma mjionee.

(Watu wanageuka. Mahali pa mabango pana mashimo manne ya nguzo na mbuzi mmoja.)

Yako... yako kwenye matengenezo. Hii ndiyo kasi tunayoizungumzia.

(Kicheko kinachoanzia jikoni na kufika hadi safu ya mbele. Kaimu Mkuu wa Wilaya anaangalia viatu vyake. Safu nne za nyuma hazina mtu.)

Sasa pazia. Najua mnajiuliza kwa nini pazia hili la manjano, mita ishirini na tano, halijavutwa mpaka saa hizi. Si uzembe. Pazia limenunuliwa na shirikisho, kamba ya kulivutia imetolewa na jimbo, na kwa hiyo tendo la kuvuta linaangukia Orodha ya Pamoja na linahitaji kibali kimoja chenye saini mbili. Saini ya kwanza ninayo hapa mfukoni. Ya pili iko njiani pamoja na Mheshimiwa Mwakilishi.

(Kadhi Marzuki anasimama: "Datuk, ni saa saba na robo. Niwie radhi, mimi saa nane kamili nipo juu ya pikipiki yangu. Watu wa Lubuk Merbau nao wamechinja." Mak Som anaweka upawa chini. Mlangoni mwa nyumba ya Mak Som, bibi harusi Suhaila, mwenye hina mpaka vifundoni, anachungulia na kurudi ndani.)

Tok Kadhi... nakusikia. Mak Som, usinitazame hivyo. Nimetazamwa na mawaziri mimi, lakini hawajui kutazama namna hiyo.

Nitaruka kurasa kumi na mbili. Hii ni dhabihu, naomba iandikwe.

(Makofi makubwa kuliko yote tangu asubuhi.)

(Pak Leman anatokea mbele ya jukwaa, amelowa mpaka kifuani: "Datuk, samahani. Ile kamba ya pazia inatumika?")

Kamba ile inasubiri kibali, Pak Leman.

("Basi inasubiri bure. Naiazima. Yetu imepungua kidogo tu kufungia mtumbwi wa tisa.")

Pak Leman, kwa mamlaka niliyopewa na serikali zote mbili nakwambia kwamba kamba hiyo...

("Datuk, kabla hujaendelea. Umesema nyayo zangu za jimbo, kitambulisho cha shirikisho, mbu wa wote wawili. Mimi mwenyewe, huyu Leman, niko orodha gani?")

Hilo... Hilo ni swali zuri sana. Utajibiwa kwa maandishi.

("Haya. Wakati naandikiwa, navuta.")

(Anavuta. Kamba inatoka nzima. Pazia la manjano linaanguka taratibu kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi. Mto Serapit unaonekana. Juu yake, mitumbwi tisa imefungwa ubavu kwa ubavu kutoka ukingo hadi ukingo, na juu ya mitumbwi yamelazwa mabango mawili ya chuma, moja likifuata jingine, na kando yake viti vya mkutano vimefungwa kuwa vya kushikilia. Watu wa kijiji, wake kwa waume, wamesimama majini wakiyashika mabango.)

Wananchi wapendwa. Kama nilivyokuwa nikisema...

(Vigelegele vya kicheko. Dufu za ng'ambo zinalipuka.)

Kama nilivyokuwa nikisema tangu saa nne na nusu, msaragambo wa wananchi ni nguzo! Nguzo ambayo haimo katika orodha yoyote, na kwa Katiba yetu lisilo katika orodha yoyote ni la... Injinia Kavitha, hiki ni nini? Chombo cha majini au daraja? Maana kikiwa chombo...

(Injinia Kavitha, amevua viatu na kukunja suruali: "Datuk, kinabeba watu mia moja kama hawachezi dufu katikati. Nimekipigia hesabu mwenyewe. Ni kazi yangu ya kwanza kwenye mradi huu, usinihuzunishe.")

Nimeelewa. Lakini Pak Leman, picha za waheshimiwa! Kumi na mmoja! Wakanyagwe usoni na wakwe?

("Tumewalaza kifudifudi, Datuk. Hatuna utovu wa adabu sisi.")

Naishukuru jamii kwa hekima hiyo. Basi msafara uanze! Dufu zinyamaze wakiwa juu ya mto! Bwana harusi chini ya mwavuli, nyuma ya mama yake, sinia za zawadi nyuma yake, naona ni kumi na moja, na keki, keki ishikwe na watu wawili. Na yule pale mbele ya wote, Mak Ngah Jenab, kwa viatu vipya. Anakanyaga. Amekanyaga! Ishara njema! Anakuja, anakuja... amesimama. Mbona amesimama?

(Mak Ngah Jenab, katikati ya mto, kwa kipaza sauti cha mkono: "Hapa pana tundu! Kati ya bango na bango pana tundu, naona maji! Sivuki! Nilisema mikavu!")

(Mak Som, ukingoni: "Besan, mkwe mwenzangu, ruka tu! Ni pa mguu mmoja!" Jibu: "Wewe ruka! Mimi niliruka mwaka juzi!" Kadhi Marzuki ameshavaa kofia ya pikipiki, hajaifunga.)

Subirini. Naomba njia. Hapana, kipaza sauti hiki hakina waya, nakuja nacho. Shikilia viatu vyangu, Kaimu. Nikanyage wapi? Hapa ndipo shirikisho. Linayumba kidogo lakini limetulia. Assalamu alaykum, Mak Ngah, usiogope, mimi ni Mwenyekiti. Ndiyo, mimi ndiye niliyeandika barua. Utanigomba ukishavuka. Tundu ni hili? Sawa. Mguu wangu wa kulia uko shirikisho. Wa kushoto, subiri, nanyoosha, sikuwa nimenyoosha namna hii tangu kozi ya uongozi... wa kushoto uko jimbo. Pak Leman, shika kiuno changu. Mak Ngah, shika ukingo wa sinia hii ya zawadi, mimi nashika upande huu, tusigusane mikono, heshima ibaki. Kanyaga juu ya mguu wangu. Ndiyo, kanyaga, ni wa serikali. Hapo!

(Amepita. Kelele zinapaa hadi kilimani. Mak Som na Mak Ngah Jenab wamekumbatiana ukingoni. Upawa uko katikati yao. Ni saa saba na dakika arobaini.)

Wananchi! Nazungumza nanyi nikiwa katikati ya Mto Serapit, mguu mmoja kila serikali, na naomba msafara upite haraka kidogo kwa sababu mitumbwi inaanza kutengana nami bado nimo. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane, Kamati ya Pamoja imefanya kazi! Semeni nami! Nguzo za jimbo!

("Hatujaziona!")

Sakafu ya shirikisho!

("Tumeigeuza!")

Harusi ya nani?

("Ya kwetu!" Sauti ya Mak Som ndiyo ya juu kuliko zote.)

Wenye keki wapite, taratibu, asanteni. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mwenyezi Mungu. Nalishukuru Shirikisho kwa bango. Nalishukuru Jimbo kwa bango. Namshukuru Mak Som kwa ng'ombe, ambaye nitamfikia karibuni. Na nawaomba kwa unyenyekevu, mkishakula, kabla ya Jumatatu saa mbili asubuhi, mabango yote mawili yarudishwe kwenye mashimo yake, waheshimiwa wakitazama barabarani, kwa sababu siku hiyo wanakuja wakaguzi kulikagua daraja, na ile asilimia tisini na nne niliyowatajia, ndugu zangu, ndiyo mabango hayo. Asilimia sita iliyobaki ilikuwa kulivuta pazia. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Hakuna anayesikiliza. Kadhi amevua kofia ya pikipiki na kuanza khutba ya ndoa, na yake ni fupi.)